Kiti Nilichopewa, Nikakigawa

Jumatatu, 4 Machi

Kiti kimefika. Faraji amekipandisha mwenyewe kutoka Tanga, kimefungwa nailoni mpaka magurudumu, na wakulima waliokuwa kwenye mzani wakaacha karoti zao wakaja kukitazama. Huyu Faraji anaunganisha viti vya ofisi na kuviuza. Kabla hajaleta vingi huku juu anataka kujua vitahimilije baridi yetu na unyevu wetu. Amekubaliana na chama hivi: kiti kikae kwangu masika yote, nikikalie, niandike ninavyokiona, hasa starehe yake na marekebisho yake. Mwisho wa Mei atakuja kunisikiliza. Nikisema kinafaa, kamati itakichukua kibaki. Nikisema hakifai, atakibeba.

Ndiyo maana nimeanzisha daftari hili, mimi Klara, karani wa chama cha wakulima wa mboga na mgonjwa wa kiuno. Tangu nilipoanguka na mzigo wa kuni mwaka jana, nikikaa kwenye benchi la ofisi hadi mchana mguu wa kushoto unakufa ganzi. Muuguzi aliniambia wazi kwamba nitafute kiti cha kuegemea, la sivyo nitafute kazi ya kusimama. Kazi ya kusimama huku kwetu ni jembe, na jembe ndilo alilonikataza kwanza.

Kiti chenyewe ni cheusi. Egemeo lake ni wavu. Chini upande wa kulia kuna kidude cha kupandisha na kushusha, kushoto kuna cha kulaza egemeo, mikono yake inapanda, inashuka na kugeuka, na kiunoni kuna kimto kinachosogezwa kufuata mgongo wa mtu. Faraji alinionyesha vyote harakaharaka. Niliitikia vyote na sikushika hata kimoja. Leo sikukikalia, watu walikuwa wengi mno wananitazama. Kesho nitakaa.

Jumanne, 5 Machi

Sikukaa. Naandika taratibu kwa sababu mwenyewe sielewi ilikuwaje.

Asubuhi nilikifuta kiti, nikakisogeza mezani, na nilikuwa nimeshageuka nikae pale baba mkwe alipotokea mlangoni. Mzee Sefania, baba wa mume wangu Anord, kila siku anapeleka maziwa barabarani kwenye gari la maziwa, na akirudi hupita ofisini kusalimia. Kwa kawaida husimama tu. Leo manyunyu yalianza papo hapo, akaingia ndani. Ofisi ina benchi la mbao na stuli ya Salma, mpima mizigo wetu. Na mimi nimeshika mkononi kiti kizuri kuliko vyote kijijini. Ulimi ukatangulia.

"Shikamoo baba. Karibu ukae, kiti chako hiki hapa."

Akaitikia. Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Kisha akavua koti lake, lile la sufu la kijivu analovaa mwaka mzima, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti na kukaa juu yake. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, ni mtu mfupi, kwa hiyo nikainama nikakishusha kiti mpaka chini kabisa. Akasema asante. Mvua ilipokatika akainuka, akavaa koti, akaenda zake.

Salma alikuwa amesimama kwenye mzani ananitazama. "Sasa wewe utakaa wapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwetu mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe. Hakuna mahali palipoandikwa na hakuna anayekufundisha. Unakua unaona kiti cha babu kiko wazi sebuleni, wageni wamejaa, na mama yako yuko kwenye mkeka. Na mimi kwa kinywa changu, mbele ya shahidi, nimesema hiki ni kiti chake.

Jumatano, 6 Machi

Nimeketi kwenye benchi kutwa. Kiti kiko mbele yangu, kitupu.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwona mzee dirishani anakuja na kidumu chake. Nikainuka, nikakifuta kiti, nikakisogeza. Ningefanya nini? Kumpa mtu kiti Jumanne na kumnyima Ijumaa ni kumwambia kuna kosa amefanya. Alisimama mlangoni kidogo, akatazama benchi, akanitazama mimi, akakitazama kiti. Akavua koti, akalikunja, akalikalia.

Koti la nini sasa? Kiti ni kipya, vumbi hakina.

Nyumbani nikamweleza Anord. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilipoona hanisaidii nikamwomba azungumze na baba yake. Kicheko kikaisha. Alisema yeye hawezi kumwambia baba yake ainuke kitini, labda mimi niongee na mama. Nikamwambia nikiongea na mama itaonekana namfukuza mzee ofisini. Akasema ndiyo, itaonekana hivyo. Tukala.

Jumatatu, 11 Machi

Sakafu ya ofisi ina mteremko, kama kila kitu huku kwetu. Leo mzee alikaa, akavuta pumzi, na kiti kikaanza safari polepole kuelekea mlangoni naye akiwa juu yake, amenyooka kama yuko ibadani. Hakupiga kelele. Alipofika kizingitini akaweka miguu chini, akasema kwa upole kwamba kiti kinataka kwenda nyumbani.

Nimeweka jiwe kwenye gurudumu. Nitamwambia Faraji magurudumu ni mepesi mno kwa watu wa milimani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua zimeanza kweli. Ukungu umeingia mpaka ndani, karatasi zimelegea.

Wavu wa egemeo unapitisha baridi. Hili nalijua kwa kumtazama mzee, maana alikuwa anatetemeka. Shati moja jembamba, mikono ameibana kwapani, na koti la sufu liko chini yake. Nilitamani kumwambia alivae lakini mkamwana haanzi kumsemesha baba mkwe habari za mavazi yake. Tena haegemei. Kiti cha kuegemea, na yeye anakaa mbele kabisa, mgongo haugusi kitu.

Nilijaribu kukisogeza kimto cha kiunoni ili apate raha. Akasema niache, kiko sawa. Kitakuwaje sawa na hakijamgusa?

Jumanne, 19 Machi

Salma ana maelezo yake. Anasema lile koti lina kitu kimeshonewa ndani, ndiyo maana mzee analikalia kama kuku wa mayai. Nilimwambia aache upuuzi. Baadaye nikajikuta nalitazama.

Ijumaa, 22 Machi

Faraji amepiga simu. Starehe ikoje? Nikasema kiti ni laini, ila baridi inapita mgongoni. Marekebisho? Nikasema kinashuka vizuri. Akauliza kama kinapanda vizuri pia, nikamwambia nitamjulisha, maana tangu kishuke siku ile hakijapanda. Akauliza na kiuno changu kinaendeleaje. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Tulikula kwa wakwe. Nimeona jambo ambalo limenivuruga zaidi. Nyumbani kwake, moto unawaka, mzee amevaa koti lake amelifunga mpaka shingoni, amekaa kwenye kigoda chake bila kutandika kitu. Ofisini kwenye baridi analivua, kwenye moto analivaa.

Nikiwa naosha vyombo na mama mkwe nikamgusia kwa mbali kwamba masika haya yana baridi na wazee wajifunike. Akanikazia macho. Alisema ameshamwuliza mzee kwa nini anarudi kutoka barabarani mwili umepoa na koti limekunjamana, akajibiwa kuwa koti lina kazi. Kazi gani? Mama hajui. Alidhani mimi ndiye ninayejua.

Jumatano, 3 Aprili

Mwenyekiti wetu, Mzee Twaha, aliingia ghafla. Akamkuta Mzee Sefania kwenye kiti na mimi kwenye benchi nimeweka mkono kiunoni. Wakasalimiana kwa Kisambaa, wakaulizana mvua na viazi. Kuhusu kiti hakuna aliyefungua mdomo. Lakini nilimwona Mzee Twaha anahesabu mambo kichwani mwake.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Salma hayupo, ofisi kimya. Mzee alikuja, akakaa, akaondoka. Tumezungumza habari za njegere.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo mguu umeniaibisha. Niliinuka kwenye benchi kumpa mkulima risiti, mguu wa kushoto haukuwepo, nikaenda chini na meza na wino wa mhuri. Salma na yule mkulima waliniinua.

Mzee Twaha akaniita pembeni. Si mtu mbaya, aliongea kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyoniumiza. Alisema chama kimenitafutia kiti, kiti kipo, na kila akija mimi nipo kwenye benchi. Kwa hiyo ama kiti hakinisaidii, ama ugonjwa wangu hauhitaji kiti. Kwa vyovyote vile, hali ikiwa hivi mpaka mwisho wa Mei, itabidi nikapumzike nyumbani na chama kitafute karani mwingine.

Nilitaka kumweleza. Nieleze nini? Kwamba baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mtu asiye na neno na mtu, ndiye aliyenikalia kazi yangu? Nikasema nimesikia, mwenyekiti.

Njiani nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia, kisha nikamkasirikia yeye. Haoni? Kila siku ananikuta kwenye mbao. Mzee mwenye macho ya kuona ng'ombe wake ng'ambo ya bonde anashindwa kuona mtu aliye mbele yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Mzee hakupita asubuhi, ng'ombe alikuwa anazaa. Salma alikuwa nje anapima kabeji. Nikafunga mlango. Nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa kiti, ni laini kuliko nilivyofikiri. Nikasogea. Nikageuka nyuma, nikaanza kushuka.

Sikuweza. Hakukuwa na mtu, na bado sikuweza. Niliona kama mama yangu yupo chumbani ananitazama. Nimefungua mlango nikarudi kwenye benchi langu.

Na hata sasa sijui kama hiyo ni heshima au ni ujinga. Mtu aliye na akili timamu angekaa.

Jumatano, 24 Aprili

Udongo umeporomoka usiku umefunga barabara ya kwenda Soni. Gari la maziwa halikuja, magari ya mboga yamekwama, kabeji zinaoza kwenye magunia na wakulima wanatugombeza sisi kana kwamba mlima ni wetu.

Na mzee amekuja. Hana kidumu. Maziwa ameyaacha nyumbani kwa kuwa hakuna wa kuyachukua, lakini yeye amekuja, kwenye tope lile, mpaka mlangoni kwangu. Kumbe siku zote nilijidanganya kwamba anapita tu. Anakuja kukaa.

Nilikifuta kiti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akavua koti, likadondosha maji, akalikunja lilivyo hivyo bichi na kulikalia. Sikumwangalia. Aliniuliza kiuno kinaendeleaje. Nikajibu Mungu anasaidia, kwa sauti ambayo nisingependa mama yangu aisikie. Alikaa muda mfupi tu akaondoka.

Jumatatu, 29 Aprili

Amekuja. Anakohoa.

Alhamisi, 2 Mei

Amekuja. Kikohozi kinatoka chini kabisa kifuani. Salma amemchemshia chai ya tangawizi. Hata kikombe kilimtetemeka mkononi, na koti lipo pale pale chini yake. Nikasema, "Baba, baridi." Ni neno moja tu nililoweza. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, hakulivaa.

Jumatatu, 6 Mei

Hakuja.

Jumanne, 7 Mei

Amelazwa. Ni kichomi. Anord na jirani walimbeba kwenye machela mpaka ng'ambo ya udongo ulioporomoka, wakapata gari upande wa pili. Anord hajarudi. Kiti kiko kitupu na siwezi kukitazama, wala si kwa ajili ya heshima sasa. Nilimkasirikia mzee wa watu siku zile zote alizokuwa anakaa na shati tu. Nilikuwa naona anatetemeka. Niliandika humu kwamba wavu unapitisha baridi, nikaandika kama habari za kiti.

Alhamisi, 9 Mei

Nimetoka hospitali. Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyatilia shaka.

Nilikwenda na uji ambao mama mkwe aliniagiza. Mama mwenyewe alikuwa ameshatangulia, amekaa kitandani miguuni pa mzee. Mzee Sefania ameegemeshwa mito, amepungua, lakini pumzi yake imetulia. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye sakafu karibu na mlango kama inavyonipasa. Anord alikuwa amekwenda kununua dawa.

Mama alimmiminia uji kwenye kikombe. Mzee akanywa kidogo, akakirudisha, kisha akaniuliza, bila kunitazama, macho yake yakiwa dirishani:

"Klara. Kile kiti unakikalia?"

Nikasema hapana, baba.

"Kwa nini?"

Nilidhani ananijaribu. Nikasema, "Ni kiti chako, baba. Nilikupa mwenyewe."

Alikohoa, na mama akataka kumzuia asiongee, mzee akamwashiria kwa mkono atulie.

"Mimi sijakikalia kile kiti hata siku moja," akasema. "Nimekalia koti langu. Nilidhani umeona."

Nilimwangalia usoni. Nadhani ni mara ya kwanza tangu niolewe. Sikuelewa, na akaona kwamba sielewi, akaanza kunieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya mbuzi. Alisema siku ile ya kwanza alijua kiti ni changu na alijua kimeletwa kwa ajili ya kiuno changu, kijiji kizima kilijua. Niliposema ni kiti chake, akaona nimeteleza. Lakini kiti ulichopewa na mkamwana utakikataaje? Ukikataa, umemwaibisha mbele ya watu. Na ukikikalia, umemfungia yeye asikikalie tena. Kwa hiyo akaweka koti katikati, yeye akakalia chake na kiti kikabaki changu. Ndiyo maana hakuegemea, wala hakutaka nimsogezee kimto. Alikuwa anakitunza kisiwe chake.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakusema.

"Ningekwambia nini? Kwamba umekosea? Mkwe hamwambii mkwe amekosea."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akauliza, na kuja kila siku je, hata siku isiyo na maziwa? Hapo mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukasubiri.

"Nilikuwa nakuja nikitegemea kumkuta amekaa," alimjibu mama. "Nikimkuta amekaa, nasalimia mlangoni, narudi zangu. Lakini kila nikifika nakuta yuko kwenye benchi, ananyanyuka na kitambaa anafuta. Na mtu akishakufutia kiti, utageuka uende wapi?"

Mimi nilikuwa nainuka kwa sababu yeye anakuja. Yeye alikuwa anakuja ili anikute nimekaa. Masika mazima. Nilijifunika uso na khanga na hapo ndipo nilipolia, wala sikujali nani ananiona. Nilimwomba msamaha kwa mambo ambayo hakuyajua na ambayo sikuyataja. Akasema hakuna kosa, ila nikakikalie kile kiti mapema. Akifa nacho hakijakaliwa, watu watasema ni kiti cha marehemu na hapo hata Salma hatakigusa.

Mama akamwambia anyamaze na vifo vyake. Lakini alikuwa anacheka.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekaa.

Salma alisimama mlangoni kama mlinzi. Nilikisogeza kiti, nikakifuta kwa mazoea, nikajishusha. Kilikuwa chini kabisa, magoti yangu yakaja karibu na kidevu, maana masika yote kimekaa kwa kipimo cha mzee. Nikavuta kidude cha kulia, hakuna kitu. Salma akasema inua makalio kwanza. Nikainua, kiti kikapanda kwa kishindo, tukapiga yowe wote wawili.

Akaniuliza nataka kifike wapi. Sikujua. Mpaka leo nilikuwa najua mzee anahitaji kiti kifupi kiasi gani, najua jiwe liwekwe wapi asiteleze, najua upepo unamwingia upande gani. Kimo changu mwenyewe sikukijua. Tulihangaika asubuhi nzima, juu, chini, mikono ndani, mikono nje, kimto juu, kimto chini. Kilipofika sehemu fulani nikahisi kama mtu ameniwekea kiganja pale panaponiuma. Nikamwambia Salma asiguse tena.

Mchana niliinuka na miguu yote miwili ipo.

Ijumaa, 17 Mei

Mzee ametoka hospitali. Barabara imefunguliwa upande mmoja.

Jumanne, 21 Mei

Sasa naweza kusema starehe yenyewe. Kitako ni kizuri, hakichomi mapaja. Kimto cha kiuno ndicho uhai wa kiti, ila kinateleza kidogokidogo na jioni lazima ukipandishe. Kidude cha kulaza egemeo kimeanza kukaza, nadhani ni unyevu. Wavu unapitisha baridi kama nilivyosema, mtu wa huku lazima atundike khanga nzito au blanketi nyuma. Nimetundika khanga. Mama mkwe ndiye aliyeileta, bila maelezo, akasema tu amesikia kuna upepo.

Ijumaa, 24 Mei

Bado kuna kitu kinanichanganya. Nikisikia hatua nje nainuka. Wakulima wameanza kunishangaa. Leo nimemwinukia mchuuzi wa plamu.

Alhamisi, 30 Mei

Faraji amekuja, kamati imekaa. Nilisoma tathmini yangu, mazuri na mabaya, na kuhusu magurudumu akaandika mwenyewe kwamba ataleta yenye breki. Mjumbe mmoja akauliza mbona sehemu ya kwanza ya masika nimeandika habari za baridi tu na si za kiuno. Nikasema mwanzoni nilikuwa nakitazama.

Mzee Twaha alinitazama kwenye kiti kwa muda mrefu, mguu wangu wa kushoto ukiwa umetulia sakafuni. Hakuuliza aliyekuwa amekikalia, ni mtu mwenye busara zake. Akasema kiti kibaki na karani abaki, tuendelee na ajenda ya mbolea.

Ijumaa, 31 Mei

Jua limetoka, la kwanza kwa siku nyingi. Tope limeanza kukauka juu.

Asubuhi nilikuwa naandika mizigo ya njegere, nikamwona dirishani. Anatembea taratibu, ana fimbo ambayo hakuwa nayo kabla, mkono mwingine umeshika kidumu kitupu. Nilijua anakuja mlangoni. Mwili wote ukaanza kuinuka wenyewe, kitambaa cha kufutia kiko mkononi sijui kimefikaje. Salma aliacha mzani akanitazama.

Nikashika mikono ya kiti, nikakaa.

Alifika mlangoni. Mkamwana ameketi, baba mkwe amesimama. Uso ulinichoma, na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo?"

"Hauumi."

Akatikisa kichwa. Alinitazama kidogo, akakitazama kiti na khanga ya mkewe iliyotundikwa nyuma yangu. Kisha akageuka, akapandisha njia ya kwenda nyumbani, koti amelivaa.